Binti wa Sonara

Unguja ya miaka ya 1950 harusi ya mjini ilianzia barazani kwetu. Waarabu walikuja, Wangazija walikuja, na akina mama wa Ng'ambo walikuja na pesa zao zimefundikwa pindoni mwa kanga. Baba alikuwa sonara, mwana wa sonara, na ukoo wetu ulitoka Mandvi, bandari ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri baba alikuwa hapati usingizi. Huyu anataka kidani, yule kipini, wa tatu vikuku vya binti ambaye hata mchumba hajapata. Waliotaka mitali ya fedha walileta riale za zamani zenye sura ya Maria Theresa, zikatupwa kalibuni na malkia wao akayeyuka.

Dhahabu ilipimwa kwa tola, ambayo ni gramu 11 na ushei, mbele ya mwenyewe. Mama wa biarusi alikaa mkekani tangu dhahabu inatiwa motoni hadi inamiminwa, macho hayabanduki. Hakuna aliyemwona mkosefu wa adabu. Sisi wenyewe Wahindi husema sonara humwibia hata mama yake mzazi. Bibi mmoja wa mtaa wa Malindi alikuwa akifika mlangoni anatanguliza: "Banyani mbaya, kiatu chake dawa!" Baba humjibu bila kuinua kichwa: "Kiatu kinakusubiri, Bi Mkubwa. Karibu ukae."

Jioni alifagia karakana mwenyewe. Hakuna mtumishi wala mtoto aliyeruhusiwa kushika ule ufagio. Vumbi liliingia mkebeni, na baada ya miezi mingi lilichomwa na kuoshwa hadi chembe za dhahabu zilizoruka wakati wa kupiga tupa zikaonekana chini. Pete yangu ya kwanza ilitoka katika mkebe huo, kwa hiyo ndani yake mna kidogo cha kila biarusi wa mjini.

Lakini hao masonara waliowapamba wanawake wa kila kabila, ndoa zao wenyewe zilikuwa na mlango mwembamba. Sonara alioa kwa masonara. Hata humo, hakuruhusiwa kuoa ukoo wake wa kuumeni. Sasa hebu fikiri: kisiwa kidogo, nyumba za masonara wa Kihindu zinahesabika, na karibu zote zimekwisha kuwa ndugu. Basi barua zilikwenda Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, na nyingine zikavuka bahari hadi Kutch na Porbandar. Picha ya msichana ilitangulia, nyota zake zikasomwa na za kijana, kisha ndipo mtu akapanda meli. Mama alikuja hivyo. Watoto wa rika langu wengi mama zao waliletwa na Karanja au Kampala, meli za Waingereza zilizokuwa zikipita Bombay, Mombasa, Unguja na kuendelea kusini.

Mafundi wengine wa Kihindu walikuwepo mjini: maseremala waliochonga milango ambayo watalii leo wanaipiga picha, wahunzi, washonaji. Wenye maduka makubwa walituita sote mafundi, na hawakulitamka jina hilo kwa heshima. Nasi tulipokosa pa kumalizia uchungu huo tukamtazama seremala kwa juu, kwa kuwa yeye hushika mti na sisi hushika dhahabu. Upuuzi mtupu, ila ulikuwa na nguvu ya sheria.

Shangazi yangu, mdogo wa baba, tuliyekuwa tukimwita Foi, alipendana na kijana wa seremala wa Mkunazini. Sijui walionana wapi, maana wasichana wetu hawakutembea peke yao. Nadhani ni juu ya mapaa, ambako mambo mengi ya Mji Mkongwe yalifanyika. Kijana alikuwa Mhindu, hali nyama, anasema Kigujarati kama chetu, na kila mwaka kwao waliosha zana zao na kuzipaka kanku, unga mwekundu, kumtukuza Vishwakarma, mungu wa mafundi, kama sisi tulivyoosha zetu. Haikusaidia. Ba, yaani bibi yetu, alisema neno moja tu, na kabla ya mwaka kwisha Foi akaozwa kwa sonara wa Kampala ambaye alikuwa amemwona katika picha.

Ba alikuwa na haki ya kuogopwa. Mikononi alivaa bangili za pembe za ndovu alizovishwa siku ya ndoa yake kule Mandvi. Wanawake wa kwao hawakuolewa bila hizo, na mume akifa zilivunjwa. Ndiyo maana pembe hazikutosha kamwe. Za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa ni laini, hazipasuki zikikerezwa. Zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapakiwa kwenda Kutch na Bombay, zikakatwa pete pete. Kisha biarusi kama Ba akazirudisha Unguja mkononi mwake. Nilikuwapo babu alipofariki. Wanawake walizivunja bangili za Ba kwa jiwe la kusagia, naye hakutoa sauti.

Jambo lililoniuma zaidi ni ufundi. Kaka yangu alikalishwa mbele ya fuawe akiwa bado mdogo, akafundishwa kutia lihamu na kuchanganya shaba na fedha ili dhahabu iwe ngumu bila kupoteza rangi. Mimi nilifukuzwa. Binti ataolewa, walisema, na siri ya nyumba ataipeleka kwa mume. Lakini mama, aliyetoka ng'ambo ya bahari, alifundishwa yote, kwa kuwa mke wa mwana haendi popote. Alitia lihamu mikufu myembamba kuliko baba. Damu ya nyumba haikuaminiwa, mgeni akaaminiwa. Na nikiutazama upande wa hesabu, hawakukosea.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitutawanya. Sisi tulihamia Dar es Salaam, na huko ndiko nilikoolewa, Kisutu, kwa sonara bila shaka. Nilipakwa manjano, nikatiwa hina, na jirani zetu Waswahili waliokuja kunisinga walijua kazi kuliko binamu zangu. Mjomba alileta sari nyeupe yenye pindo nyekundu, ambayo ni wajibu wake. Bwana arusi alipofika mlangoni, chini ya majani ya mwembe, mama alimbana pua, kama desturi inavyotaka, na akambana kwelikweli. Tuliuzunguka moto mara nne, kuhani akimwagia samli, kisha hatua saba. Wageni walikula ladu, kachori na wali usio na nyama, na mzee mmoja wa Kariakoo akauliza kwa upole kama kuku wako njiani.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90. Foi alitoka Kampala na mumewe na sanduku. Dhahabu yake yote ilibaki kwenye vizuizi vya njiani. Wakafika Leicester, Uingereza, mji uliokuwa umetangaza katika gazeti la Uganda kwamba umejaa na wasije. Walikwenda, na leo barabara ya Belgrave kule imejaa maduka ya dhahabu.

Huko ndiko alikoolewa mjukuu wa kaka yangu, na aliyemwoa ni mwana wa ukoo wa maseremala. Wazee hawakupinga. Mmoja alisimama akatukumbusha kwamba Vishwakarma alikuwa na wana watano, mhunzi, seremala, fundi wa shaba, mwashi na sonara, kwa hiyo sisi sote ni ndugu. Hoja hiyo ilikuwapo tangu enzi na enzi. Nilimtazama Foi, aliyekuwa amekaa karibu nami na fimbo yake magotini.

"Huyu kijana anachonga nini?" akaniuliza kwa Kiswahili, ili wenyeji wasielewe.

Nikamwambia anauza bima.

"Basi huyo si seremala," akasema, akaagiza chai.