Kona Waliyoiita "Kwa Bibi"

Daladala ilinishusha Ngaramtoni, nikapanda kwa miguu kati ya migomba na mibuni hadi shuleni. Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Masika.

Darasa la awali ni la mwisho katika jengo. Kuta za tofali za saruji, sakafu ya saruji, juu bati tupu, dari hakuna. Watoto wakasimama wote: "Shikamoo mgeni!" Sauti ikagonga ukuta wa nyuma, ikapanda kwenye bati, ikanirudia kabla sijaitikia. Kanuni ya nchi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nilihesabu jozi za viatu mlangoni, nikaishia kwenye 60.

Saa nne mvua ikashuka. Kwanza kokoto chache juu ya bati, kisha lori zima la kokoto. Midomo ya watoto iliendelea kuimba, wimbo hausikiki. Mwalimu akaweka chaki chini, akakunja mikono, akangoja. Hakuna aliyeshangaa. Wataalamu wa afya duniani wanataka kelele za darasani zisizidi desibeli 35 na mwangwi ufifie ndani ya sekunde 0.6; chini ya bati lile, tarakimu hizo ni kichekesho.

Mvua ilipopungua nikaiona kona nyuma ya kabati. Mtaala unazo kona zake za ujifunzaji, lakini hii mwalimu kaitunga mwenyewe: mkeka wa ukindu, godoro kuukuu lililovikwa shuka la Kimasai, pazia la kitenge. Inatosha watoto wawili, watatu wakibanana. Wanaiita "kwa bibi". Mtoto akizidiwa na makelele, huenda kwa bibi, haulizwi kitu.

Niliinama, nikaingiza kichwa. Harufu ya ukindu, ya sweta iliyolowa moshi wa kuni. Mwangwi ulikatika. Msichana mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko alikuwa akikunja ncha ya pazia na kuikunjua, akiikunja na kuikunjua. Nilisikia anavyopumua. Hakunitazama, nikajitoa.

"Hizo nazo zinanyonya kelele," mwalimu alinionyesha trei za mayai alizobandika ukutani. Sikumbishia, ingawa trei hunyonya kidogo mno. Kazi kubwa inafanywa na godoro.

Nilimuuliza anahitaji nini. "Dari. Dari ikishindikana, mikeka."

Ukipita Ngaramtoni na mkeka usio na kazi nyumbani kwako, darasa la awali ni mlango wa mwisho, kushoto.