Maji Yanayoingilia Dirishani



Maji yanayoingilia chini ya chombo kila mtu huyaogopa. Baharia akiona ngama imejaa hana haja ya kuambiwa. Hushika upo akafua maji, na chombo kikipwelewa tu humwita fundi wa kalafati. Wazee wetu walilijua jambo hili tangu siku za mitepe, vyombo vile vya visiwa vya Lamu vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari, ambavyo safari nzima mabaharia hawakuacha kuvifua maji. Na mashua zetu za misumari nazo hupandishwa pwani, zikatiwa pamba baina ya mbao kwa patasi na nyundo, zikapakwa sifa, na chini zikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Katika hayo hapana mjadala.

Lakini yako maji mengine yanayoingilia juu. Hayo ni maji matamu ya mvua, nayo hakuna anayeyaogopa. Tone likianguka juu ya godoro, mtu husogeza godoro, yakaisha. Wala hajui kwamba chumvi ya bahari huuhifadhi ubao, na kwamba ule ukungu unaola mbao hustawi kwa maji matamu. Ndiyo maana sitaha za mbao huoshwa kwa maji ya bahari, na maji ya mvua hayaachwi kutuama juu yake. Mashua inayovuja chini hupiga kelele. Inayovuja juu hufa kimya kimya, na mwenyewe ameketi ndani yake anakunywa kahawa.

Mimi si fundi wa vyombo, ni mwalimu wa chuo, na mambo haya sikuyaingilia kwa kuyapenda. Mume wa dada yangu mdogo alifariki mwaka 2018. Wazazi wake walikwisha mtangulia, Mungu awarehemu wote. Alimwacha mjane, wavulana wawili na msichana mmoja, wote wakiwa hawajabaleghe, na aliniusia mimi niwe wasii wa watoto wake. Mali yenyewe ilikuwa ni mashua ya mbao, futi 24, aliyokuwa akipakilia watu baina ya Lamu na Pate. Juu yake alijenga kibanda cha plaiwudi chenye madirisha 6, matatu kila upande, ili kina mama wasilowe. Mashine iliuzwa mbele ili kulipa deni. Mashua ikabaki imefungwa, na chombo kisichotumika huharibika upesi kuliko kinachotumika.

Mwaka 2019, katikati ya kaskazi, akaja mnunuzi. Aliitazama chini, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akaridhika, akasema atatoa shilingi 640,000. Madirisha hakuyauliza. Kaskazi jua ni kali, kila kitu kimekauka, nani atauliza habari ya mvua? Alitaka kuichukua kabla ya masika. Nami nilikuwa najua kwamba mvua ikinyesha, madirisha mawili ya upande wa kulia huvuja. Nilipata kupanda mashua ile zaidi ya mara moja na kanzu yangu ikashuhudia.

Nikamwita fundi. Akatazama, akacheka. Akasema, “Shehe, hii ni kazi ya asubuhi moja. Nitapitisha silikoni kwa nje, nipige rangi, hata wewe mwenyewe hutajua palipovuja.” Nikamwuliza, “Na mvua?” Akanijibu, “Mvua itamkuta mwenyewe mpya.”

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli; lakini methali haikusema uuzibe kwa kitu gani, wala upande gani. Dirisha lililozibwa kwa nje tu, juu ya uchafu na gundi ya zamani, huzuia maji kwa miezi michache. Kisha silikoni huachia mahali padogo pasipoonekana, maji yakaingia, na sasa hayana pa kutokea. Zamani yalikuwa yakidondoka ndani ukayaona. Ukishaziba namna ile hukaa baina ya fremu na ubao, mchana na usiku. Kwa hivyo uzibaji wa namna ile ni mbaya kuliko kutoziba kabisa. Hili si suala la dini peke yake. Mwulize fundi yeyote anayemcha Mungu.

Hapo palikuwa na fundo lenyewe. Mimi ni wasii. Qur'ani imetuonya tusiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Kila shilingi ninayoiacha si yangu, ni ya watoto wasio na baba. Dada yangu aliponisikia nasema kwamba mnunuzi lazima aambiwe, alinikabili barazani mbele ya watu wa nyumba akaniuliza, “Kaka, wewe ni wakili wa wanangu au wa mnunuzi?” Ni swali zito, na aliyeuliza ana haki ya kuuliza. Watoto walikuwa wanadaiwa ada, na nyumba ilikuwa inataka kuezekwa.

Nilimjibu hivi. Mtume s.a.w. alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Alipomwuliza muuzaji, akaambiwa kwamba kimenyeshewa. Akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akatoa lile onyo lijulikanalo juu ya mwenye kughushi. Tazama basi: ulikuwa ni unyevu wa mvua! Hakikuwa chakula cha wizi, wala mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake lilikuwa ni kuweka kikavu juu na kibichi chini. Na mafakihi wetu wamempa mnunuzi khiari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwako kabla ya kuuza, ana haki ya kurudisha kitu na kudai fedha zake. Je, mvua ya kwanza ikishuka, mnunuzi akarudi, nami fedha nimekwisha zigawanya, nitazitoa wapi? Nitawanyang'anya watoto vitabu? Njia iliyo bora kwa yatima si ile yenye bei kubwa siku ya kuuza. Ni ile isiyomletea mdai mlangoni.

Hakuridhika. Alinyamaza, na kunyamaza si kuridhika.

Nikatafuta fundi mwengine, mtu mzima, na mvulana mkubwa wa marehemu nikamtia awe msaidizi wake, maana mali ni yake na inafaa aione. Kwanza fundi hakugusa dirisha lolote. Aliwasha taa ndani, akapangusa kila mahali pakauka, akampa mvulana kazi ya kutazama. Yeye akasimama nje na kata ya maji, akamwagia taratibu, akianzia ukingo wa chini wa fremu na kupanda juu. Akasema, ukianzia juu maji hutiririka kote na hutajua yameingilia wapi. Nasi tulistaajabu, kwa sababu tone lililokuwa likidondoka penye dirisha la nyuma lilikuwa linaingilia dirisha la katikati. Mashua imeinua omo kidogo, maji yakishaingia hufuata fremu kwenda tezi, na huanguka yapatapo nafasi. Miaka yote marehemu aliziba dirisha lisilo na kosa!

Kisha wakayatoa. Skurubu zilikuwa za chuma, zimeota kutu, mbili zilikatika. Gundi ya zamani waliikata kwa kisu chembamba na kuisukuma kwa vikabari vya mbao, pole pole, maana kioo chenyewe si kioo bali ni akriliki, nayo ukiilazimisha hupasuka. Mvulana akataka kuisafisha kwa thina. Fundi akamshika mkono. Thina huitia akriliki nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui ambazo hazitoki tena. Waliosha kwa sabuni na maji tu. Ila mabaki ya silikoni kwenye mbao yaliwashughulisha siku nzima kwa kukwangua na msasa, kwa kuwa silikoni huacha mafuta ambayo gundi nyingine haishiki juu yake, na hata silikoni mpya haishiki vizuri. Wengi wavivu huishia hapa, wakapaka jipya juu ya la kale.

Matundu ya skurubu yaliyo kwenye akriliki aliyapanua kidogo. Nikamwuliza kwa nini anaharibu. Akaniambia kwamba akriliki hutanuka kwa jua: kipande cha mita 1, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka zaidi ya milimita 1. Kikibanwa na skurubu pande zote hakina pa kwenda, basi hupinda au huvunja gundi. Na alipotia gundi mpya na kurudisha fremu, hakukaza mpaka mwisho. Alikaza kidogo kidogo, huku na huku, akaacha gundi ya milimita 2 au 3 baina ya akriliki na ubao. Anayekaza kwa nguvu siku ya kwanza huikamua gundi yote nje, na kinachobaki ndani ni chuma juu ya ubao mtupu. Gundi ile hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo unyevu wetu wa pwani, unaotuozeshea mbao na vitabu, hapa ulikuwa ni msaada. Aliiacha siku kadhaa haikuguswa.

Lakini nimeruka jambo. Walipotoa fremu ya lile dirisha la katikati, mvulana alichoma kisu kwenye plaiwudi chini yake, kikaingia kama kwenye boflo lililolowa chai. Kiasi cha shubiri mbili palikuwa pameoza. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri, inang'aa. Mvulana akanitazama. Najua alichokuwa akikifikiri, kwa sababu hata mimi nilikifikiri: lau tungalipaka silikoni asubuhi moja tusingalilijua hili, na mtu hasemi asilolijua. Ni hoja nyepesi sana hiyo, nayo hupita akilini mwa mtu mwema. Ila asiyejua kwa sababu hakutaka kujua sidhani kama ana udhuru. Fundi alikata palipooza mpaka akafika penye ubao mzima, akatia kiraka kipya, akabadilisha skurubu zote kwa zisizoshika kutu. Kile kipande kibovu nilikiweka.

Mnunuzi alipokuja nilimwonyesha madirisha, nikampa na kipande mkononi. Alikigeuza, akakivunja kwa vidole, akauliza kama pako pengine. Nikamwambia madirisha yote 6 yametolewa na yeye ana ruhusa ya kuchoma kisu popote apendapo. Alichoma. Kisha akashuka bei mpaka 585,000, wala hakupanda tena. Tukaandika karatasi, kasoro ikatajwa ndani yake pamoja na matengenezo, mashahidi wawili wakatia sahihi.

Matengenezo yaligharimu 25,000. Zikabaki 560,000. Mjane thumuni yake 70,000, kila mvulana 196,000, msichana 98,000. Za watoto nimeziandika katika daftari, na kila ada inayotoka huandikwa na tarehe yake. Daftari hilo mvulana mkubwa hulisoma apendapo.

Dada yangu alizihesabu zake mara mbili, akazifunga kwenye upindo wa leso. Masika ya mwaka ule yalinyesha, mashua ikapita mbele ya nyumba yetu imejaa watu, na mnunuzi hakuja kudai kitu. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mnunuzi kutokuja hakukuzirudisha zile zilizopungua, na mpaka leo akinikasirikia kwa jambo jingine kabisa, huniuliza tena mimi ni wakili wa nani.