Koti la Geppetto: Safari yetu ya Collodi

Wengi wenu mwajua habari za Pinocchio, yule mtoto wa mti ambaye pua yake hurefuka kila asemapo uongo. Wengine mmemwona katika sinema, wengine mmesomewa hadithi yake na mwalimu darasani. Lakini ni wachache wajuao kwamba kuna kijiji kimoja katika nchi ya Italia ambako kitabu hicho kimegeuzwa kuwa bustani. Msomaji huingia ndani yake kwa miguu, kama mtu aingiavyo shambani mwake. Sisi tulipata bahati ya kufika huko, nasi twataka kuwasimulia tuliyoyaona, pamoja na swali moja lililotufuata njia nzima.

Kijiji hicho chaitwa Collodi. Ukitoka mji wa Firenze, wapanda gari la moshi la kwenda Lucca, washuka Pescia, kisha wamaliza safari kwa basi. Pescia ni mji wa watu wa kazi: tangu zamani wamejulikana kwa kutengeneza karatasi na kwa kilimo cha maua. Barabara yapita kati ya vilima vya mizeituni, na kumbe, baada ya kona moja, kijiji chatokea mbele ya macho. Nyumba zake za mawe zimepangana kutoka kilele cha kilima hadi chini, mithili ya maporomoko ya maji yaliyoganda. Miguuni pa kilima pamesimama jumba kubwa la ukoo wa Garzoni, na bustani yake ya fahari yenye ngazi na chemchemi. Kati ya nyumba hakuna barabara ya magari, ila vichochoro vya mawe vyenye kupanda sana. Tulivipanda polepole, tukipumzika mara kwa mara, huku bibi mmoja mzee akitupita bila kuhema na kikapu chake mkononi.

Katika kijiji hiki alizaliwa mama mmoja, Angiolina Orzali. Aliolewa na Domenico Lorenzini, mpishi katika nyumba ya tajiri mmoja wa Firenze, jina lake Marchese Ginori. Mtoto wao wa kwanza, Carlo, alizaliwa Firenze mwaka 1826. Nyumba ile ilijaa watoto, lakini wengi wao walikufa wangali wadogo. Carlo alipelekwa kwa ndugu za mama yake, akaanza masomo hapa kijijini. Halafu akaingia seminari ya Colle di Val d'Elsa, naye Marchese Ginori akasaidia kulipa. Carlo hakuwa padri. Alitoka seminari, akaendelea na masomo kwa mapadri wa Scolopi huko Firenze, akafanya kazi katika duka la vitabu, akaenda vitani kwa hiari yake mwaka 1848, akawa mwandishi wa magazeti. Alipotafuta jina la kutia chini ya maandishi yake, alichagua jina la kijiji cha mama yake. Hivyo Carlo Lorenzini akawa Carlo Collodi. Sisi tuliopita katika seminari bila kufika altareni tulisoma habari hizo kwa moyo wa pekee. Mbegu ya masomo haipotei, hata kama mti umeota upande mwingine wa ua.

Tena inafaa mjue jambo hili, ninyi msomao gazeti la juma: Pinocchio hakuanza kuwa kitabu. Alizaliwa katika gazeti la juma la watoto, lililotolewa Roma, tarehe 7 Julai 1881. Kila sehemu ilitoka peke yake, na watoto walingoja. Mwezi wa Oktoba mwandishi akamaliza hadithi yake vibaya sana: wanyang'anyi wakamtundika Pinocchio katika mti mkubwa, akaachwa hapo, kwisha. Wasomaji wadogo hawakukubali. Waliomba wenyewe, nao wakuu wa gazeti wakaomba pia, hata Collodi akashika kalamu tena mwezi wa Februari 1882. Mwaka 1883 hadithi ikatoka katika kitabu kimoja chenye sura 36. Collodi alifariki mwaka 1890, asijue kwamba jina la kijiji cha mama yake lingefika duniani kote.

Sasa tuingie bustanini. Mwaka 1951 meya wa Pescia, Rolando Anzilotti, ambaye alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu, alianzisha kamati ya kumjengea Pinocchio ukumbusho. Wachongaji wakaitwa kushindana, na mwaka 1956 bustani ikafunguliwa. Emilio Greco alitengeneza sanamu ndefu ya shaba: Pinocchio na yule bibi wa ajabu mwenye nywele za samawati, wakipaa pamoja kama mmea mmoja. Venturino Venturi alijenga uwanja uliozungukwa na kuta, akazifunika kuta hizo kwa picha za vipande vya mawe vya rangi, zenye kuonyesha mambo makuu ya hadithi. Mtoto asiyejua kusoma bado aweza kuzifuata kwa kidole. Mwaka 1963 ukaongezwa mkahawa uitwao Kamba Mwekundu, kwa jina la ile nyumba ya wageni ambamo Paka na Mbweha walikula wakashiba, kisha wakamwachia Pinocchio kulipa. Mjenzi wake ni Giovanni Michelucci, yule aliyeongoza kundi lililojenga kituo cha gari la moshi cha Firenze, pale tulipoanzia safari yetu.

Baada ya uwanja wa Venturi njia yaingia katika miti. Sehemu hii ilifunguliwa mwaka 1972. Fundi wa bustani Pietro Porcinai aliipanda miti na vichaka vikakaribiana, njia ikajipindapinda, ili mtu asione linalomngoja mbele. Ghafula mtu hukutana na sanamu ya shaba ya Pietro Consagra: huyu hapa Paka, yule kule Mbweha. Mwishoni yule samaki papa mkubwa ametoa kichwa majini, taya zake wazi. Katika kitabu urefu wake wapita kilometa moja bila kuhesabu mkia, naye alikuwa amemmeza baba yake Pinocchio. Waliotengeneza sinema ya Marekani ya mwaka 1940 walimgeuza kuwa nyangumi, lakini hapa Collodi wameheshimu maandishi.

Na jina la sehemu hiyo ya miti ni nini? Ni Nchi ya Michezo. Hapo ndipo swali letu lilipotukamata. Maana katika kitabu Nchi ya Michezo ni mtego. Ni nchi isiyo na shule wala mwalimu wala kitabu, ambako watoto hucheza tangu asubuhi hata jioni. Pinocchio na rafiki yake Lucignolo walikaa huko miezi mitano kwa furaha, na siku moja walipoamka wakajishika kichwani: masikio ya punda! Wakageuka punda kweli, wakauzwa sokoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi, twauliza, imekuwaje kitabu chenye kuonya watoto juu ya nchi ya michezo kikajengewa mahali pa michezo? Siku hizi wapo hata farasi wa mbao wa kuzunguka, na watoto wanawapigania. Je, bustani hii si mtego uleule, wenye lango la kulipia?

Tuliketi penye kivuli tukiwaza hayo. Karibu nasi aliketi mzee mmoja na mjukuu wake, msichana wa miaka saba au minane, ambaye alikuwa ametoka kushuka juu ya farasi wa mbao. Akamwuliza babu yake: «Babu, Geppetto alilipata tena koti lake?» Mzee akafikiri, akasema hakumbuki. Akafungua mfuko, akatoa kitabu kilichochakaa, wakaanza kutafuta.

Swali la mtoto yule lilitufumbua macho. Kumbukeni habari ya koti. Geppetto ni fundi maskini. Siku ya kumpeleka mwanawe shule ilipofika, hakuwa na fedha za kitabu cha kujifunzia kusoma. Akatoka nje, na theluji ilikuwa ikianguka. Akarudi na kitabu mkononi, lakini yeye mwenyewe amebaki na shati tu. Koti amelitia wapi? Ameliuza; akamwambia mtoto kwamba lilimtia joto. Theluji ilipokoma Pinocchio akaondoka kwenda shule, akasikia ngoma ya wachezesha vikaragosi, naye akakiuza kitabu kile ili apate kiingilio. Baadaye alipopewa vipande vitano vya dhahabu, alikusudia kwanza kumnunulia baba yake koti jipya; lakini Paka na Mbweha walimshawishi aende kuzifukia ardhini zizae mti wa fedha. Hata sura ya mwisho, alipokwisha kujifunza kuchota maji na kusuka vikapu, akisoma usiku baada ya kazi, alikuwa ameweka akiba ya kujinunulia koti. Akasikia kwamba yule bibi mwema ni mgonjwa, akazitoa fedha zote. Usiku huo akalala mtoto wa mti, akaamka mtoto wa kweli.

Na yule Lucignolo? Mwenye shamba aliyempa Pinocchio kazi ya kuchota maji alikuwa na punda wa kuifanya kazi hiyo, naye alikuwa akifa zizini. Punda huyo ndiye Lucignolo. Kwa hiyo kitabu hiki hakiwakemei watoto kwa kuwa wacheza. Chawaonyesha nani amelipa. Kila mchezo wa Pinocchio una koti la mtu ndani yake. Wazazi mnaouza mbuzi au kitambaa ili mtoto apate daftari, mwaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Si kila bustani ya namna hii iliyodumu. Huko Chatham, katika Uingereza, mji ambao Charles Dickens alikaa utotoni, walifungua mwaka 2007 nyumba kubwa ya maonyesho iitwayo Dickens World, kwa gharama ya pauni milioni 62. Ilikuwa na barabara za London ya kale na mashua za kupandia. Ilifungwa mwaka 2016. Biashara ina sababu nyingi za kuanguka, nasi hatutaki kujifanya waamuzi. Lakini huko Vimmerby, katika Sweden, mji wa mwandishi Astrid Lindgren, watu wa jamaa chache walianza mwaka 1981 kwa kujenga nyumba ndogo za vitabu vyake, theluthi moja ya kipimo cha kweli. Leo waigizaji huzichezea hadithi zake hapo wakati wa kiangazi, na mahali hapo pangali pakipokea watoto. Fedha hujenga kuta. Lakini mtu hurudi mahali kwa sababu ya hadithi aipendayo.

Basi jibu letu ni hili. Bustani ya kitabu huwa mtego ikiwa mtoto atoka humo hana tena haja ya kitabu. Ikimrudisha kwenye kitabu, imefanya kazi ya mwalimu mwema. Tulipoondoka, jua likielekea vilimani, tulipita tena mbele ya kile kiti. Farasi wa mbao walikuwa wakizunguka bado, na mwanya ulikuwapo. Msichana yule hakwenda. Alikuwa ameegemea mkono wa babu yake, kidole juu ya mstari, nao walikuwa bado hawajalipata koti.