Kimya cha Wakala

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hii nilifundishwa tangu utotoni kuwa inahusu watu: jirani aliyeacha kusalimu, au mtoto aliyetulia mno chumba cha pili. Nikiwa mwaka wa tatu hapa Kampala, nikisoma Kiswahili pamoja na kompyuta, nimeona kwamba inahusu mashine pia.

Idara yetu ina seva ndogo inayohifadhi rekodi za sauti ambazo wanafunzi hukusanya nyanjani. Muhula mmoja diski yake ilijaa usiku bila mtu kujua. Mwenzetu alikuwa ametoka Arua kuwarekodi wazee wanaozungumza Kiswahili na Kinubi, na faili zake zilinakiliwa nusunusu. Kinasa sauti kilikuwa cha kuazima. Kufikia siku tatizo lilipogunduliwa, kilikuwa kimefutwa na kukabidhiwa mwanafunzi mwingine. Ilimbidi apande basi tena, safari ya takriban kilomita 500. Mzee mmoja alikataa kusimulia mara ya pili. Alisema ameshasema.

Baada ya hapo, mwalimu wetu aliniomba mimi na wenzangu wawili tuweke mfumo wa kufuatilia hali ya seva, ili ufa uonekane kabla ya kuhitaji ukuta. Tulichagua Telegraf, programu huria ya kampuni ya InfluxData. Tuliiita wakala, na neno hilo lilitusaidia kuielewa. Uganda kila mtu anamjua wakala wa pesa za simu: yuko kibandani mwake, anapokea, anaandika, anapeleka. Telegraf nayo inakaa ndani ya seva, inapima, kisha inapeleka vipimo kwenye hifadhidata ya InfluxDB. Hifadhidata hiyo tuliiweka katika kompyuta nyingine, jengo jingine lenye jenereta, na ndiyo inayotuchorea grafu.

Kumsanidi wakala huyu ni kuandika faili moja la maandishi, telegraf.conf. Faili hilo hujibu maswali matatu. La kwanza, apime nini? Tulimwagiza apime kazi ya prosesa, kumbukumbu, na zaidi ya yote nafasi iliyobaki kwenye diski. La pili, apime kila baada ya muda gani? Sekunde 10 za kawaida zilitutosha. La tatu, apeleke wapi? Hapo tuliandika anwani ya InfluxDB, bandari 8086, jina la shirika, jina la chombo ambacho mfumo huo unakiita ndoo, na tokeni. Tokeni tuliipa ruhusa ya kuandika katika ndoo moja tu, ili atakayelisoma faili letu asiweze kusoma takwimu zote za idara.

Kuna amri ya kujaribu: unaandika telegraf, jina la faili, kisha --test. Vipimo hutokea kwenye skrini, na wengi hufurahi hapo. Lakini amri hiyo haipeleki chochote. Inathibitisha kwamba wakala anaona. Haithibitishi kwamba ujumbe wake unafika. Ukitaka uhakika wa kufika, nenda ukatazame upande wa anayepokea.

Wakala pia ana mfuko. Mtandao ukikatika, hutunza vipimo hadi 10,000, kama hujabadilisha kiwango hicho, na kuvipeleka njia ikifunguka. Mfuko ukijaa, vya zamani zaidi hutupwa. Na kwa kawaida mfuko huo uko katika kumbukumbu ya muda, kwa hiyo umeme ukizimika, vilivyomo vyote hupotea.

Umeme ndio uliotupa somo kubwa zaidi. Ulikatika Ijumaa jioni katika jengo la seva, ukarudi Jumatatu asubuhi. Seva iliwaka yenyewe, na wakala akaanza kazi. Kumbukumbu zake hazikuonyesha kosa lolote, na mtandao ulikuwa mzima. Hata hivyo, grafu ya saa iliyopita ilikuwa tupu. Tulikagua anwani, tokeni na bandari. Vyote vilikuwa sawa. Kisha mwenzetu mmoja akafungua grafu ya siku saba, na hapo tukaona jambo la ajabu: Ijumaa usiku, seva ikiwa imezimwa kabisa, grafu ilisema ilikuwa kazini.

Kila kipimo husafiri na muda wake. Betri ndogo inayotunza saa ya seva ilikuwa imekufa, hivyo seva ilipowaka iliendelea na muda wa mwisho iliyoukumbuka, yaani Ijumaa jioni. Kanuni za mtandao wa chuo nazo zilikuwa zimeizuia kuuliza saa sahihi nje. Wakala alikuwa akipeleka vipimo vya kweli chini ya tarehe isiyo ya kweli. Tulibadilisha betri, na fundi wa mtandao akaielekeza seva kwenye saa ya chuo. Dakika chache baadaye grafu ilirudi.

Kilichonishtua ni kwamba asubuhi nzima ile hakuna onyo lililolia. Onyo letu lilisubiri diski ipite asilimia 80, na mahali pasipo na namba hakuna kinachopita asilimia 80. Ukimya wa aliyekufa na wa aliye salama ulionekana sawasawa. Diski ingejaa siku ile, rekodi nyingine zingekatika, nasi tungekuwa na mfumo mzima wa kufuatilia usiotuambia kitu.

Kwa hiyo tumeongeza swali la nne, ambalo jibu lake haliwezi kukaa katika faili la wakala: akinyamaza, nani atajua? InfluxDB ina ukaguzi unaolia vipimo vinapoacha kufika. Tumeuweka huko, upande wa anayepokea, na ujumbe wake huja kwa watu watatu, si mmoja. Mwenzangu unayeandaa mfumo kama huu, anza na swali hilo la nne. Hayo matatu yana majibu katika mwongozo.