Siku ya Kumuaga Profesa Wangari

Jeneza halikuwa na ubao hata mmoja. Lilisukwa kwa mafunjo, mianzi na magugumaji, kwa kuwa Profesa Wangari Maathai hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya maziko yake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 2011, nasi tulijaa Uhuru Park, Nairobi, kumuaga. Magugumaji! Mmea ule ule unaowazibia njia wavuvi wa Ziwa Victoria ulifaa hatimaye kumhifadhi mtu.

Alikuwa amefariki tarehe 25 Septemba kwa saratani ya ovari. Tangu hapo, ndani ya matatu hapakuwa na mjadala mwingine: kwa nini achomwe Kariokor, asizikwe kwao Nyeri? Wazee walinung'unika. Mimi niliona kwamba mwanamke aliyekataa kupangiwa maisha hawezi kupangiwa mazishi.

Redioni walizungumzia zaidi miti: Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, mamilioni ya miche, tuzo ya Nobel ya 2004. Yote kweli. Lakini jukwaa la siku hiyo lilikuwa Freedom Corner, kona ya bustani ya Uhuru Park, na pale pana habari nyingine.

"Hema lilikuwa hapa hapa, mwanangu," aliniambia mama mmoja mzee aliyesimama kando yangu, leso kichwani.

"Lile la akina mama wa wafungwa?"

"Ndilo. Sisi tulikuwa tukiwaletea maji."

Mwishoni mwa Februari 1992, kina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, mamake mfungwa Koigi, waliketi pale wakagoma kula. Wangari aliketi nao, ingawa hakuwa na mwana gerezani. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na gesi ya machozi. Baadhi ya kina mama walivua nguo, laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kumtolea kijana. Wangari alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitali. Wenzake walihamia kanisa la All Saints, karibu na hapo, wakakaa humo miezi na miezi, mpaka wafungwa wakaanza kuachiliwa.

Hata uwanja wenyewe wa kuketi walikuwa nao kwa sababu yake. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile. Aliandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, hadi mradi ukafa. Kama angenyamaza, akina mama wale wangeketi wapi?

Nilimuuliza yule mama kama amefurahi kuona wanajeshi wakimpigia Profesa saluti.

"Wampigie, ni haki yake," alijibu. "Ila waseme pia alichofanyiwa hapa."

Hotuba zilikuwa zimeanza. Alinishika mkono, tukapenya mbele ili tusikie kama watasema.