Siku Moja ya Redio ya Mazungumzo

Tega sikio Radio 4 ya BBC, idhaa ya Uingereza iliyoanza mwaka 1967, ambamo muziki ni mgeni tu. Saa kumi na mbili asubuhi huanza kipindi cha Today. Waziri huhojiwa raia wangali wakinywa chai. Baadaye huja Woman's Hour, kipindi cha tangu 1946, na jioni The Archers, mchezo wa kuigiza uliokusudiwa hapo awali kuwafunza wakulima kuzalisha chakula zaidi baada ya vita.

Lakini usilale mapema. Usiku wa manane msomaji hutaja maeneo 31 ya bahari, moja baada ya jingine, pamoja na upepo wake. Mimi huuthamini utabiri huo kuliko mahojiano ya waziri: mvuvi hana cheo, ila taarifa yake husomwa yote, pasipo haraka.