Kushuka Kalambo ni raha, magoti hudai kesho yake

MATAI, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, ni mji unaomtaka mgeni afike na sweta. Uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai upepo wa asubuhi huwapeleka watoto shuleni wakiwa wameficha mikono kwapani. Mahindi, maharage na ulezi ndiyo mazao ya huku. Mtu akisimama barabarani anaona nyasi na mashamba yanayopanda na kushuka taratibu, bila dalili yoyote kwamba mbele ya safari ardhi inakatika.

Lakini inakatika. Upande wa ziwa, uwanda unaporomoka hadi Tanganyika, ambako maji yako meta 770 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Anayetoka Matai kwenda bandari ya Kasanga anashuka zaidi ya meta 700, na umbali wenyewe ni wa mbio za marathoni na ushei. Sweta aliyoondoka nayo Matai itakuwa mkononi kabla hajaona ziwa, kwa sababu kila anaposhuka joto linaongezeka.

Mteremko wa namna hiyo ni ndoto ya wakimbiaji wengi. Huko Utah, Marekani, watu hukimbia marathoni ya St. George, iliyoanza mwaka 1977, kwa sababu inaanzia mlimani na kuishia karibu meta 780 chini yake, katikati ya miamba mekundu. Familia ya Rukwa haihitaji kupanda ndege. Mteremko iko nao, na korongo iko nalo, tena korongo lenye maporomoko ambayo wengine huyaona kwenye picha tu. Inachohitaji ni kujua kwamba kushuka si kupumzika.

Korongo lenye korongo

Mto Kalambo unazaliwa juu ya uwanda, na sehemu yake ya mwisho ndiyo mpaka wa Tanzania na Zambia. Unatiririka kwa upole kama mito mingine ya Ufipa hadi unapofika kwenye ukingo wa mwamba. Hapo maji yanaanguka kwa mruko mmoja, zaidi ya meta 220, bila kugusa ngazi ya jiwe katikati. Ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote barani Afrika.

Chini yake linaanza korongo. Lina kina kinachofika meta 300 na upana wa kama kilometa moja, na mto unapita humo kwa kilometa tano hivi kabla ya bonde kufunguka kuelekea ziwani. Kiswahili kina neno moja kwa bonde la namna hii na kwa ndege mwenye miguu mirefu, na Kalambo vyote viwili viko pamoja. Korongo aina ya marabu, wale wenye upara na mfuko shingoni, hujenga viota kwenye kingo za mwamba wakati wa kiangazi. Mtoto anayewajua kama ndege wa majalalani mjini atashangaa kuwaona wakielea chini ya miguu yake, mabawa yamenyooka, hawapigi hata mara moja.

Watu nao wako hapa tangu zamani sana. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kazi yake juu ya maporomoko mwaka 1953. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba upande wa Zambia walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Hiyo ni kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Ni hadithi nzuri ya kumsimulia mtoto njiani, kwamba kuna fundi aliyefanya kazi kando ya mto huu kabla ya watu wote.

Kwa upande wa Tanzania, wageni wengi hupitia kijiji cha Kapozwa. Msitu unaozunguka maporomoko uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na zipo ngazi za kumsaidia mgeni kushuka. Hapo ndipo wenye raba mpya huanza kukimbia.

Paja ndilo breki

Dereva wa lori anayekwenda Kasanga anajua jambo ambalo mkimbiaji hulisahau. Kwenye mteremko mrefu dereva hategemei breki peke yake, kwa sababu zitachemka na kukataa kushika. Anaweka gia ndogo na kuiacha injini izuie gari.

Mwili wa binadamu hauna gia ndogo. Breki yake ni misuli ya mbele ya paja. Mtu anapopanda, misuli hiyo hujikaza na kufupika ili kumsukuma juu. Anaposhuka, misuli hiyohiyo hujikaza huku ikivutwa na kurefuka, maana inazuia uzito wote usianguke. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli kuliko kazi ya kupanda. Ajabu yake ni kwamba wakati wa kushuka mtu hahemi sana, moyo hauendi mbio, na hivyo hapati taarifa yoyote kwamba anaumia.

Taarifa huja baadaye. Maumivu huanza siku inayofuata na hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Familia iliyoshuka Kalambo Jumamosi itakwenda ibadani Jumapili ikijisikia ngumungumu, na Jumatatu baba atashindwa kuinama na jembe. Choo cha kuchuchumaa ndicho humwonyesha mtu kwamba mapaja si yake tena.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Aliyekimbia mteremko mfupi mara moja au mbili wiki chache kabla ya safari huumia kidogo sana safari yenyewe ikifika. Ndiyo maana anayetaka kushuka korongoni, au kukimbia kuelekea ziwani, anashauriwa atafute kilima karibu na nyumbani na kukishuka polepole mara moja kwa wiki, akianza na dakika 10 tu.

Siku yenyewe, hatua ziwe fupi na za harakaharaka, goti liwe limekunjwa kidogo, na mguu utue chini ya mwili badala ya mbele yake. Anayerusha mguu mbele na kutua kwa kisigino anapiga breki kila hatua. Raba ziache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, vinginevyo kucha zitasugua ncha ya kiatu na kuwa nyeusi.

Somo la Ikangaa

Mtanzania aliyeijua bei ya mteremko kuliko wengi ni Juma Ikangaa, mwanariadha wa Jeshi la Wananchi. Marathoni ya Boston, Marekani, huanza juu na kumalizika karibu na bahari, tofauti ya meta 140 hivi. Kilometa za mwanzo ni za kushuka na humshawishi mtu aende mbio. Kisha, kuanzia kilometa ya 26 hivi, vinakuja vilima, na hapo ndipo mapaja yaliyotumika kama breki yanatakiwa kuwa injini.

Ikangaa alikuwa mtu wa kuondoka kwa kasi na kuwaacha wengine wamfukuze. Alishika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu, saa 2:08:44 dhidi ya 2:08:43. Huyu hakuwa mkimbiaji dhaifu, maana mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Watanzania wengine wamemfuata kwenye nafasi hiyohiyo ya pili Boston, Gabriel Geay mwaka 2023 na Alphonce Simbu mwaka 2025. Miezi michache baadaye Simbu alitwaa ubingwa wa dunia jijini Tokyo.

Wasimamizi wa riadha nao wanaujua msaada wa mteremko. Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia, lakini haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kanuni inataka njia isishuke zaidi ya meta moja kwa kila kilometa, na mwanzo na mwisho visiwe mbali kupita kiasi. Kwa kipimo hicho, mbio za Matai hadi Kasanga zisingeweka rekodi yoyote. Zingeacha mapaja yanayouma tu, na kumbukumbu.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Jumamosi kijiweni au kwenye kundi la familia la simu, wazo huzaliwa kirahisi: “Twende Kalambo na watoto, tushuke mbio hadi chini.” Kabla ya kukubali, mzazi ana mambo ya kupima.

La kwanza ni umbali. Mbio kubwa duniani, zikiwemo Boston na London, hazimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kukimbia marathoni nzima. Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, familia hupewa njia yao ya kilometa tano. Mfano huo unatosha. Mtoto akimbie kipande kifupi cha tambarare akiwa amefurahi, na kwenye ngazi atembee.

La pili ni magoti. Watoto wa miaka 10 hadi 15, hasa wanaorefuka haraka na kucheza sana, hupata maumivu na uvimbe chini kidogo ya goti, pale mshipa wa paja unaposhika mfupa ambao bado unakua. Kuruka ngazi mbilimbili huchochea maumivu hayo. Mtoto akisema, “Mama, goti linauma,” asiambiwe ajikaze kiume. Apumzike. Akiendelea kuchechemea baada ya siku chache, apelekwe kwa daktari.

La tatu ni ukingo. Mwamba wenye unyevu una utelezi, na meta 200 hazina nafasi ya pili. Kwenye kingo na ngazi mkono wa mtoto mdogo uwe ndani ya mkono wa mtu mzima, na mtu mzima atangulie wakati wa kushuka. Simu ya kupigia picha isubiri hadi watu wote wamesimama.

La nne ni dawa. Wapo wanaomeza diklofenaki kabla ya kukimbia ili wasisikie maumivu. Dawa hiyo, ikikutana na mwili uliokauka maji, inaweza kudhuru figo. Na mtu yeyote ambaye baada ya mbio ndefu anaona mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, huku misuli inauma kupita kawaida, aende hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo.

Anayeshuka hupanda

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kalambo mambo yamegeuzwa: anayeshuka ngazi hupanda. Milimani mtu hutumia nguvu akiwa bado mzima, kisha hurudi kwa urahisi. Korongoni raha hulipwa mbele, na kazi hubaki ya mwisho, jua likiwa limesimama, maji yamepungua na mtoto wa mwisho anataka kubebwa.

Walungu, Wamambwe na Wafipa wa eneo hili wanaijua hesabu hiyo, kwa sababu migebuka na dagaa ni vya ziwani na mahindi ni ya juu, na kwa miaka mingi mizigo imepanda na kushuka baina ya pande hizi mbili. Mwenye mzigo hatangulizi kasi. Hupima kurudi kwanza, ndipo akaondoka.

Familia inaweza kufanya vivyo hivyo. Ianze mapema asubuhi. Igawe maji mafungu mawili na kuacha fungu kubwa kwa ajili ya kupanda. Ibebe viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, si biskuti peke yake. Iweke saa ya kugeuka, na ikifika igeuke hata kama chini hakujafikiwa, kwa sababu maporomoko yanaonekana vizuri pia kutoka juu. Wanaotaka maji mengi waende mwishoni mwa masika, wakijua kwamba njia itateleza. Wanaotaka ndege na njia kavu wangoje kiangazi.

Na kesho yake mtu asilale kutwa. Matembezi mafupi, maji ya kutosha na uji wa ulezi hulainisha mapaja kuliko kitanda. Siku ya nne hivi maumivu huisha, na kwa kawaida ndiyo siku ambayo watoto huanza kuuliza ni lini watarudi.